Mwongozo wa Kupima Timu Inayokabia Juu, kwa Matumizi ya Ikola na Mwalo Wake

Kabla ya yote, panga kiti chako. Katika kibanda umiza, viti vya mbele huwahiwa na watoto na watu wa kelele, na vya nyuma huchukuliwa na waliokesha wakivua Ziwa Tanganyika, ambao dakika ya ishirini watakuwa wamelala. Wewe kaa katikati, usawa wa macho na luninga, mahali ambapo bega la jirani halizibi kona ya chini ya picha. Kona hiyo utaihitaji sana. Hapo ndipo beki wa pembeni hupokea mpira akiwa amegeukia goli lake mwenyewe, mstari wa pembeni umembana, na watu wawili wanamjia. Anayekaa vibaya ataona mabao tu, na mabao ni ushahidi unaochelewa kufika.

Somo letu ni hili: timu inapoamua kupanda na kumkaba mpinzani kwenye eneo lake, tutajuaje kama inakaba kweli au inakimbia tu? Swali hilo huzua ugomvi kila wiki kutoka mwaloni Ikola hadi Mpanda mjini, na ugomvi huwa mrefu kwa sababu kila mtu amekuja na mizani yake. Mmoja anapima kwa jasho lililolowesha jezi. Mwingine anapima kwa kadi za njano. Wa tatu anapima kwa matokeo, na huyo humwezi kwa hoja mpaka siku timu yake ifungwe. Mimi nashikilia kwamba presha hupimwa kwa yule anayekabwa. Ukitaka kujua ukali wake, mwache anayekimbia, mtazame anayekimbiliwa.

Anza na beki wa kati. Akipokea mpira kutoka kwa kipa, tazama kichwa chake kabla ya kutazama miguu. Beki ambaye hajabanwa hupokea, huinua kichwa, huchungulia namba sita wake, humtazama winga wa upande wa pili, kisha huchagua. Beki aliyebanwa hainui kichwa. Macho yanabaki kwenye mpira, mguso wa kwanza unaenda nyuma, na mwili unageukia kwao. Ukiona hivyo mara moja, ni bahati. Ukiona mara tano ndani ya robo saa, andika kwenye daftari lako kwamba kazi inafanyika, hata kama mpira haujaporwa hata mara moja.

Kisha fuata mpira unakwenda wapi. Kama umerudishwa kwa kipa, ni alama ndogo. Kama umebutuliwa juu bila anwani, ni alama kubwa, kwa sharti kwamba mabeki wa timu inayokaba wamekwisha kaa pale utakapodondoka. Kama umetoka nje na kuwa wa kurusha, ni alama pia, na watu wengi huisahau kwa sababu wakati huo muuza karanga anapita. Kama umeporwa mita ishirini na tano kutoka golini, huna haja ya kuandika, maana kibanda kizima kitakuwa kimesimama.

Sasa vifaa. Huhitaji kompyuta. Beba mahindi mkono wa kushoto na maharage mkono wa kulia, na vikombe viwili vitupu. Kila mara mpinzani anapokamilisha pasi akiwa eneo lake, tupa punje ya hindi kwenye kikombe cha kwanza. Eneo lake tunalihesabu kuanzia golini kwake hadi ukingo wa mbali wa duara la kati, ambayo ni kama asilimia 60 ya uwanja. Kila mara timu unayoipima inapopokonya, inaponasa pasi, inapoingia kwa nguvu hata ikikosa, au inapocheza faulo ndani ya eneo hilohilo, tupa harage kwenye kikombe cha pili. Mwisho wa mchezo gawanya mahindi kwa maharage. Mahindi 96 kwa maharage 12 yanakupa 8: maana yake mpinzani aliruhusiwa pasi nane tu kabla ya mtu kumjia. Namba ikiwa ndogo, presha ni kubwa. Kwenye ligi kubwa za Ulaya, timu zinazokaba sana huzunguka kati ya 8 na 10, na zinazosubiri nyuma huvuka 15 bila aibu.

Kipimo hiki nimekieleza kwa mahindi, lakini ni kipimo kamili. Mchambuzi Colin Trainor alikitangaza mwaka 2014, na leo klabu kubwa duniani zinakitumia. Tofauti yao na sisi ni kwamba wao wana watu wa kulipwa wa kuhesabu, na sisi tuna watoto wenye macho makali ambao wangefurahi kupewa kazi hiyo badala ya kufukuzwa kwa kukosa kiingilio. Mpe mmoja mahindi, mwingine maharage. Utashangaa jinsi wanavyohesabu vizuri, na jinsi wanavyokuwa wagumu kudanganywa na mashabiki wakubwa.

Ila usikiabudu kikombe. Namba hiyo ina udhaifu wake, na sisi wa ligi ya Tanzania tunaukuta kuliko Wazungu. Inahesabu pasi za mpinzani, sasa je, mpinzani asiyepiga pasi? Timu zetu nyingi, hasa zinapokuja kwa Simba au Yanga zikitafuta pointi moja, kipa anabutua kutoka goli kiki ya kwanza hadi ya mwisho. Mahindi yatakuwa machache, namba itakuwa ndogo, na utaondoka ukisema wakubwa wamekaba kama moto, kumbe hawakuwa na mtu wa kumkaba. Siku ya mchezo wa namna hiyo, weka vikombe pembeni. Hesabu kitu kingine: mpira ukishadondoka baada ya kubutuliwa, nani anaupata wa pili? Timu inayokabia juu bila kushinda mpira wa pili inajichosha bure.

Wamarekani wamepitia ugomvi huuhuu wa kupima presha kwenye mpira wao ule wa kubeba mkononi na kofia ngumu. Kule kuna mtu anaitwa kwotabeki, ndiye mpiga pasi mkuu, na kuna wanaume wenye miili ya kutisha ambao kazi yao ni kupasua ukuta wa walinzi wake na kumfikia kabla hajarusha. Ligi yao ya NFL ilianza kuweka rasmi hesabu ya kumwangusha kwotabeki mwaka 1982, na kwa muda mrefu watu walipima kwa hesabu hiyo tu: aliyeangusha wengi ndiye bora. Siku hizi wachambuzi wao wanahesabu pia mara ambazo kwotabeki amelazimika kurusha kabla hajawa tayari, mara alizohamishwa mahali pake, mara alizopigwa baada ya mpira kuondoka. Ana sekunde mbili na nusu hivi za kuamua, na ukimnyima nusu sekunde umemnyima mchezo, hata kama hakuanguka. Afrika Mashariki tuliwahi kupeleka mtu kwenye kazi hiyo: Daniel Adongo, Mkenya aliyekuwa mchezaji wa raga, alisajiliwa na Indianapolis Colts mwaka 2013 akiwa na ndoto ya kuwa mmoja wa hao wafikiaji. Alicheza michezo michache tu, lakini alikwenda kujifunza kitu ambacho mshambuliaji yeyote wa Ikola anatakiwa kukijua: kumharakisha mtu ni kazi, na malipo yake huchukuliwa na mwenzako aliyesimama nyuma kusubiri pasi mbovu.

Nirudi ziwani kwa mfano, maana hapa Ikola hakuna namna bora ya kueleza. Presha ni wavu wa dagaa. Taa zinawaka, samaki wanakusanyika, wavu uko chini, na kuuinua ni kazi ya pande zote kwa pamoja. Pembe moja ikichelewa, dagaa wote wanatokea hapo, na aliyevuta kwa nguvu zake zote upande wa pili ataambulia maji. Mshambuliaji akikimbia peke yake kumfuata beki, amevuta pembe moja. Kwa hiyo mtu akikwambia straika fulani anakaba sana, muulize: na wa nyuma yake alikuwa wapi?

Hapa ndipo kwenye ufundi wenyewe. Mtu wa kwanza, yule anayemfuata mwenye mpira, hatakiwi kukimbia mstari ulionyooka. Mtazame akikimbia kwa upinde, kana kwamba anazunguka kitu. Anachokizunguka ni njia ya pasi kwenda kwa beki wa pili wa kati. Akiwa amekaa kwenye njia hiyo, uwanja umekatwa nusu, na mpira una upande mmoja tu wa kwenda. Mtu wa pili anamsubiri beki wa pembeni upande huohuo, hajamfikia bado, amesimama hatua nne au tano, tayari. Wa tatu ni kiungo anayemkalia namba sita wa mpinzani mgongoni. Na wa nne ndiye muhimu kuliko wote kwa mpimaji, kwa sababu mara nyingi hayumo kwenye picha: beki wa kati wa timu inayokaba, ambaye anatakiwa awe amepanda hadi karibu na mstari wa kati. Asipopanda, kati yake na viungo wake pamebaki shamba, na pasi moja ndefu inayodondoka hapo inabatilisha mbio za wenzake wote.

Arrigo Sacchi, aliyeipa AC Milan Kombe la Ulaya mwaka 1989 na 1990, alitaka umbali kati ya beki wa mwisho na mshambuliaji wa mbele usizidi mita 25 hivi. Wewe huna futi ya kupimia luninga, lakini una picha. Kamera ya kawaida ya mechi huonyesha chini kidogo ya nusu ya uwanja kwa wakati mmoja. Timu yako inapokaba, angalia: straika na beki wa mwisho wanaonekana kwenye picha moja? Kama ndiyo, wavu uko sawa. Kama unaona straika anapunga mikono akilaumu na hakuna beki hata mmoja kwenye picha, basi timu imekatika vipande viwili, na lawama za straika zina haki. Kipimo hiki hakihitaji punje hata moja, na ninakipenda kuliko vyote.

Jifunze pia nyakati za kuruka. Timu nzuri haikabi dakika zote; inasubiri ishara. Ishara zenyewe si nyingi: mguso wa kwanza uliokwenda mbali na mguu, pasi ya kurudi nyuma iliyopigwa polepole, mpira uliopewa beki wa pembeni akiwa amegeukia kwao, mpira wa juu ambao mtu anasubiri ushuke. Ukiona ishara, hesabu kimoyomoyo: watu wangapi wameruka kwa pamoja ndani ya sekunde moja? Wakiwa watatu au wanne, hao wamefundishwa. Akiwa mmoja, na wawili wengine wakafuata baada ya kumwona yeye, hao wanaigana. Na timu ikipoteza mpira yenyewe, hesabu hadi tano. Pep Guardiola aliwajengea Barcelona sifa kwa sheria hiyo ya sekunde tano: upate mpira ndani yake, la sivyo rudi nyuma ujipange. Anayehesabu kwa sauti kibandani atanyamazishwa, kwa hiyo hesabu kwa vidole.

Kwa nini mambo haya yamekuwa makubwa sasa kuliko enzi za wazee wetu? Sheria zimesukuma. Mwaka 1992 kipa alikatazwa kudaka mpira aliorudishiwa kwa mguu na mwenzake, na siku hiyo mshambuliaji mvivu akapoteza kisingizio cha kutomfuata. Mwaka 2019 wakaruhusu goli kiki ichezwe na mwenzako ndani ya eneo la hatari, na tangu hapo timu nyingi huanza mchezo pale pale mlangoni, mtu wa kukabia akiwa amesimama hatua chache nje ya kumi na nane. Na kuanzia msimu wa 2025/26, kipa akikaa na mpira mikononi zaidi ya sekunde 8, wapinzani wanapata kona. Mwamuzi huinua mkono na kuhesabu tano za mwisho ili kila mtu aone. Kwa mpimaji wa Ikola hii ni neema: tazama mkono wa mwamuzi ukiinuka, kisha tazama kama kipa ana mtu wa kumpa. Kipa akimaliza hesabu bado anatafuta, waliokaba wamekaba.

Ndiyo maana kipa mwenye miguu ni dawa. Djigui Diarra, Mmali aliyetua Yanga mwaka 2021, amewafundisha mashabiki wa nchi hii kwamba golikipa anaweza kuwa mchezaji wa kumi na moja kweli, na timu iliyomfuata bila kuziba njia za pasi imejikuta imevukwa na mpira mmoja. Hivyo unapopima presha, uliza imepimwa dhidi ya nani. Namba nzuri dhidi ya kipa anayeogopa mguu wake wa kushoto ni sifa nusu. Machi na Aprili 2024 Yanga waliwavaa Mamelodi Sundowns kwenye robo fainali ya Ligi ya Mabingwa, timu yenye Ronwen Williams golini na desturi ya kuanzia nyuma bila haraka. Michezo yote miwili iliisha 0-0 na Sundowns wakapita kwa penalti. Ndugu zangu wa Jangwani mpaka leo wanazungumzia mpira wa Aziz Ki uliogonga mwamba kule Pretoria, kama ulivuka au haukuvuka. Mimi nasema mkitulia, irudieni mechi ile mkimtazama Williams tu, kwa dakika tisini. Kama kuna mkanda mmoja wa kujifunzia namna ya kuwakaba watu wasioogopa kukabwa, ni huo.

Kuhusu saa. Dakika za kwanza ishirini kila timu inakaba, hata ya mtaani, kwa sababu kila mtu ana pumzi. Usiandike hukumu kabla ya dakika ya 60. Novemba 5, 2023, kwenye Uwanja wa Mkapa, Yanga na Simba zilikwenda mapumziko zikiwa 1-1: Kennedy Musonda wa Yanga alifunga mapema, Kibu Denis wa Simba akasawazisha. Aliyezima luninga hapo angesema timu zinalingana. Kipindi cha pili Yanga ya Miguel Gamondi ikaongeza manne, mchezo ukaisha 5-1, na siku mbili baadaye Simba wakaachana na kocha wao Robertinho. Watani wanaikumbuka kwa mabao, na ni haki yao. Mpimaji aikumbuke kwa tofauti ya vipindi viwili: upande mmoja uliendelea kufika kwenye mpira kwa wakati, upande wa pili ukaanza kufika mpira ukiwa umeshaondoka. Ukali wa kukabia juu unapimwa hapo, miguu inapokuwa mizito, na siku hizi kocha ana mabadiliko matano ya kumsaidia, hivyo mhesabie pia aliowaingiza: je, waliingia kukaba au waliingia kushangilia?

Lakini heshimu hali ya mchezo. Timu inayoongoza ina ruhusa ya kurudi nyuma, na timu inayotafuta bao italazimika kupanda hata kama haijazoea. Juni 3, 2023, Yanga walikwenda Algiers wakiwa wamefungwa 2-1 nyumbani na USM Alger kwenye fainali ya Kombe la Shirikisho. Walilazimika kwenda mbele tangu mwanzo, wakapata penalti ya mapema iliyofungwa na Djuma Shabani, wakashinda 1-0, na kombe likawapita kwa mabao ya ugenini. Presha ya mtu anayehitaji mabao ina namba zake, na presha ya mtu anayeongoza mawili ina zake. Usizichanganye kwenye kikombe kimoja.

Uwanja nao uupime. Kwenye nyasi zilizolala vizuri mpokeaji anahitaji mguso mmoja. Kwenye uwanja wenye mashimo anahitaji miwili au mitatu, na kila mguso wa ziada ni zawadi kwa anayekaba. Majirani zetu wa Sumbawanga wanajua kwamba hata hewa ya uwanja inahesabika. Oktoba 22, 2020, Tanzania Prisons waliifunga Simba 1-0 kwenye Uwanja wa Nelson Mandela, juu kule kwenye hewa nyembamba ya Ufipa. Timu ya pwani ikipanda huko na kujaribu kukaba dakika tisini kama ilivyo Dar es Salaam, mapafu yatadai. Mpimaji mwaminifu huandika jina la uwanja kwenye kichwa cha daftari kabla ya kuandika jina la timu.

Na kuna jambo ambalo presha haiwezi, lazima lisemwe. Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilifungwa kwa uvuvi kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, na katikati ya miezi hiyo ikaja michuano ya Euro kule Ujerumani, yaani nyavu zilikuwa zimepumzika na macho yalikuwa na nafasi. Austria ya Ralf Rangnick ilikuwa darasa la kukabia juu. Ilimaliza kileleni mwa kundi lililokuwa na Ufaransa na Uholanzi, ikawafunga Waholanzi 3-2. Halafu Uturuki ikaitoa 2-1 hatua ya mtoano, na mabao yote mawili ya Merih Demiral yalitokana na kona, la kwanza ndani ya dakika ya kwanza. Kona haikabiwi juu. Mtu akikuonyesha Austria ile kuwa ushahidi kwamba presha haina maana, mwambie alichokiona ni ulinzi wa kona, na daftari lake lina ukurasa uliokosewa.

Sasa niseme la Kibu Denis, maana linaniuma. Msimu wa 2023/24 mashabiki walimsimanga kwa uhaba wa mabao mpaka likawa jambo la kuchekea mitandaoni. Lakini makocha waliopita Simba pale Msimbazi, mmoja baada ya mwingine, wameendelea kumpanga. Makocha hao si vipofu. Wanamwona beki wa pembeni wa timu pinzani akimtafuta Kibu kwa jicho kabla ya kupokea mpira, na wanajua kwamba beki anayetafuta mtu kabla ya kupokea amekwisha punguza nusu ya machaguo yake. Hiyo ndiyo kazi ambayo ubao wa matokeo hauna safu yake. Kama tungekuwa na watoto wa mahindi na maharage katika kila kibanda umiza kuanzia Karema hadi Majalila, nadhani masimango yangekuwa nusu ya yalivyokuwa.

Luninga, hata hivyo, ina mwisho wake. Mpira unapokuwa upande wa kulia, kamera iko kulia, na kinachotokea kushoto kwa mabeki hukioni. Kama una nauli, panda treni ya Mpanda uende Tabora, uone ligi kwenye Uwanja wa Ali Hassan Mwinyi, au panda chombo ufuate ufuko hadi Kigoma, ambako Mashujaa wanacheza Uwanja wa Lake Tanganyika. Kama huna nauli, una kitu bora: uwanja wa kijiji usio na jukwaa wala uzio. Kaa nyuma ya goli. Kutoka hapo utaiona timu nzima kwa urefu wake, mistari yote mitatu, na utaona kwa macho yako lile shamba linalofunguka kati ya viungo na mabeki pale mtu mmoja anapopanda na wengine wakabaki. 

Na ukiwa hapo, sikiliza makelele ya watu wazima. "Kimbia! Mfuate!" Mtoto wa miaka kumi na mbili anamfuata mwenye mpira peke yake, anavukwa, anarudi akihema, halafu anagombezwa. Mwenzake aliyebaki amesimama hatua kumi nyuma bila kupanda hagombezwi na mtu, kwa sababu hakuna aliyekuwa anamtazama. Hivyo ndivyo tunavyowafundisha watoto wetu kwamba bidii huleta matusi na kusimama huleta amani. Mwalimu anayejua angemwita yule aliyesimama, amwonyeshe kwa kidole mahali alipotakiwa kuwa mwenzake alipoanza kukimbia, kisha awarudishe wote wanne warudie pamoja, polepole, bila hata mpira, mpaka waende kama kundi moja.

Kwa hiyo walimu wa michezo wa Ikola, Karema na shule zote za Wilaya ya Tanganyika mnaoteua timu za mashindano ya shule, UMITASHUMTA na UMISSETA, nawaomba: msimu huu mchague watoto wawili wa kukaa nyuma ya goli na vikombe vyao. Mumwite mchezaji kwenye kikosi kwa yale mahindi aliyowanyima wapinzani pamoja na mabao aliyofunga. Na yule mtoto anayepanda kwa wakati pasipo mtu kumwona, jina lake liandikwe la kwanza.